Mlango Ule Haurudi

Kabla sijaondoka, Jamali, bosi wenu, aliniomba niandike karatasi ya kubandika ukutani: gundi ipi kwa plastiki ipi. "Ila mama," akasema, "isizidi nusu ukurasa. Vijana wa siku hizi hawasomi." Loo! Mtu anakuomba maisha yako yote ya kazi, halafu anakupimia karatasi. Nimeandika ninavyotaka mimi, na ninyi mliobaki kwenye ile meza mtasoma. Nimeshastaafu, hanifukuzi tena.

Mnaniita Mama Gundi. Jina langu Mwanahawa, wa Magomeni, na tangu usichana wangu kazi yangu ilikuwa moja tu, kuunganisha modeli za plastiki kwenye karakana ya mtaa wa Gerezani. Meli, ndege, treni, malori ya kontena. Zinakuja kwenye maboksi zikiwa vipande vipande vimeshikana na fremu zake. Sisi tunavikata, tunaviunganisha, tunavipaka rangi, halafu vinakwenda kukaa ndani ya kabati za vioo kwenye ofisi za mawakala wa mizigo karibu na bandari na kwa wakata tiketi za ndege mjini. Ndugu zangu walinicheka sana. "Mwanahawa kaajiriwa kuchezea midoli!" Sawa. Midoli hiyo imesomesha wanangu, na mmoja wa wale waliocheka mpaka leo amepanga chumba kwangu.

Siku ya kwanza niliharibu kazi kwa sababu ya malezi mema. Mama yangu hakuruhusu mtoto wa kike atoke nyumbani na mikono iliyopauka. "Majirani watasema huna mama," alikuwa anasema. Basi asubuhi ile nikajipaka mafuta ya nazi mpaka viwiko, nikavaa vizuri, nikaenda kazini nang'aa. Mwenye karakana, Bwana Hemedi, ambaye ndiye baba yake Jamali, akanikabidhi kwa fundi mkuu, Mzee Kasmiri. Huyu alikuwa mtu wa Masasi, mfupi, mkimya, aliyekuwa amefanya kazi karakana ya reli kabla hajaingia kwenye plastiki. Akanipa ndege ndogo. "Bandika mabawa."

Nikabandika. Yakakaa vizuri, nikajisifu moyoni. Nikaenda kula, narudi nakuta ndege imelala na mabawa yako pembeni. Nikarudia, yakaanguka. Nikarudia tena, nikaanza kutafuta mchawi ni nani mle ndani. Mzee Kasmiri akaniita, akapitisha kidole juu ya kiganja changu, akakiangalia kidole chake kwenye mwanga wa dirisha.

"Binti, unatupikia wali wa nazi humu?"

"Hapana, baba."

"Basi kanawe."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza na haijabadilika. Osha mikono kwa sabuni, na vipande navyo uvioshe kwa sabuni, maana vinatoka kiwandani vikiwa na mafuta yake. Plastiki yenye mafuta haina gundi. Tangu siku ile nikawa natoka nyumbani na mikono mikavu yenye vumbi la msasa, na mama yangu akalalamika mpaka anaingia kaburini.

Sasa gundi zenyewe. Kariakoo ukitaja gundi watu wanakuelewa supa gluu. Kiatu kimeachia, supa gluu. Simu imepasuka, supa gluu. Kucha za bibi harusi, supa gluu. Mzee Kasmiri hakutaka kuiona mezani mpaka umwambie unaunganisha nini na nini. "Usiniulize gundi," alikuwa anasema. "Iulize plastiki."

Namna ya kuiuliza ni hii. Kata kipande cha fremu ukitumbukize kwenye glasi ya maji. Kikielea, achana nacho, hiyo ni plastiki ya ndoo na vifuniko, gundi zote itazikataa. Itoboe uifunge kwa pini. Kikizama, toka nje ukichome kidogo. Kikitoa moshi mweusi wenye masizi yanayopepea, hiyo ndiyo plastiki yetu, na dawa yake ni ile gundi nyembamba inayotiririka kama spiriti. Hiyo wala haishiki kitu, bali inayeyusha. Unakutanisha vipande vikiwa vikavu, unavifunga kwa mpira, unavitazama kila upande, na ukisharidhika ndipo unagusa mshono kwa ncha ya brashi. Gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa, na plastiki mbili zinakuwa moja. Ukizidisha inakula sura ya modeli, ngazi na namba za meli zote zinalainika na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Supa gluu ni ya chuma kwa plastiki, kama nanga na minyororo yake. Kwenye vioo vya madirisha usiisogeze kabisa, kwa sababu mvuke wake unapanda na kuacha ukungu mweupe usiofutika, na kwa joto na unyevu wa mji huu ukungu huo haukawii. Vioo vinataka gundi nyeupe ya seremala, ambayo ikikauka huioni. Haya, nusu ukurasa wa Jamali umeishia hapo. Sasa tuongee.

Mzee Kasmiri hakuwa na pua. Pua ilikuwepo, kubwa tu, ila ilikuwa hainusi. Siku moja mkewe alimletea mchuzi wa samaki uliokuwa umechacha. Alipofunua bakuli, sisi wengine tukarukia mlangoni, yeye anakula na anasifu mapishi. Tulicheka mpaka machozi. Baadaye nikamwona anafuta mdomo taratibu, anatutazama mmoja mmoja bila kuelewa tunacheka nini, na kicheko kikanikauka. Nikamuuliza, "Mzee, kunusa kulipotea lini?"

"Sijui, mwanangu. Kulikuwa kunapungua kidogo kidogo. Nikadhani ni mafua."

Mafua ya miaka yote hiyo juu ya chupa ya gundi. Sikulisahau jibu lile.

Kushoto kwangu alikaa Neema. Mnamjua, bado mnaye, ila hamkumjua akiwa msichana. Alikuja Dar kutoka Songea na mumewe, dereva wa lori la bandarini, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, jambo ambalo mpaka leo nalisema kwa kinyongo. Ndoa yake ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtoto. Mawifi walikuwa hawampi nafasi ya kupumua. Kila wakija kumtembelea, macho yao tumboni. Sasa siku moja akanisogelea sikioni akaninong'oneza, "Dada, nimebeba. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, hii meli?"

Tukacheka kimya kimya, tumeinamisha vichwa ili Mzee asituone.

Haukupita muda Bwana Hemedi akapata kazi kubwa. Kampuni moja ya mizigo ilitaka malori na meli za kontena kwa ajili ya maonyesho, na ilizitaka upesi. Akafanya mambo mawili. La kwanza, alifunga kiyoyozi, akaziba madirisha kwa mbao, na mlangoni akabandika karatasi ya herufi kubwa: FUNGA MLANGO. Tusimwonee. Vumbi la mtaa lilikuwa linaganda kwenye rangi mbichi, na wateja walikuwa wanarudisha kazi. La pili ndilo siwezi kumwachia. Gundi nyembamba ilikuwa imechelewa kufika, akaenda Kariakoo akarudi na makopo ya gundi ya mabomba, ile ya mafundi bomba.

"Bosi, hii ni ya mabomba," nikamwambia.

"Inashika haraka. Gundi ni gundi."

Gundi si gundi! Kama hamtachukua kingine kwenye maneno yangu yote, chukueni hilo. Ni kweli ile ilishika haraka. Ilishika, ikala ngazi za meli, ikakunja milango ya malori, na harufu yake ikajaa mle ndani pasipo pa kutokea, maana kiyoyozi kinapooza hewa ile ile tu na kukurudishia. Kufika mchana macho yanachuruzika, kichwa kinagonga. Neema alikuwa anatoka nje kutapika, anarudi, anafuta mdomo, anakaa. Nikamwambia aseme, au mimi nimsemee.

"Dada, nikisema ataniambia nikapumzike nyumbani," akajibu. "Nikienda nyumbani kiti changu atakaa mwingine. Umemwona Rehema alirudi?"

Rehema alikuwa mwenzetu aliyejifungua mwaka uliotangulia. Hakurudi, na kiti chake nilikuwa nimekikalia mimi. Basi Neema alikuwa amewekwa hapo, achague kiti au tumbo, na mume wake peke yake hangeweza kulisha nyumba ile na mawifi wanaokuja kula wakikagua.

Nilikwenda kwanza kwa adabu, maana nililelewa. Sikumtaja Neema. Nikasema, "Bosi, gundi hii inatuumiza. Tutafute ile ya zamani, au tufungue mlango."

"Mwanahawa, vumbi."

"Na sisi?"

"Mtazoea. Mbona Mzee Kasmiri amezoea?"

Nikageuka kumtazama Mzee. Alikuwa ameinamia lori, uso wake juu kabisa ya kopo lililo wazi, hana habari. Amezoea! Mtu ameibiwa pua yake, halafu anatolewa mfano wa kuigwa. Niliondoka pale bila kuaga, na kwa mtu wa kwetu hilo ni tusi.

Kesho yake asubuhi Neema aliinuka kwenda kuchukua brashi, akashika ukingo wa meza, akaanguka. Tukambeba mimi na Mzee mpaka barazani. Mama lishe wa upande wa pili wa barabara akaja mbio na maji na kipande cha boksi cha kumpepea. Alipofungua macho, neno la kwanza lilikuwa, "Msimwambie bosi."

Hapo ndipo hasira zilipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu katoka kuzimia, na anachoogopa ni bosi! Nikaingia ndani nikamwambia Mzee Kasmiri, "Naomba bisibisi." Hakuuliza ya nini. Alivuta droo ya kushoto akanipa ile ya mpini wa njano, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Nikaanza na bawaba ya juu. Nilipofika ya kati nikasikia mlango umekuwa mwepesi, natazama, kumbe Mzee amechuchumaa na bisibisi nyingine anafungua ya chini. Tukaung'oa mlango, tukaulaza ndani juu ya mapipa mawili, tukapanga vipande vyetu juu yake. Meza yetu siku zote ilikuwa fupi.

Bwana Hemedi alikuja kabla ya adhuhuri. Akaingia, akasimama, akatazama fremu ya mlango iliyo wazi, akatazama mtaa, akaweka kiwiko mezani.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Umeuegemea, bosi."

Akauondoa mkono kama ameungua. "Mwanahawa, una wazimu?"

"Wazimu ninao. Na pua ninayo vilevile, nataka kustaafu nayo."

"Kukufukuza mimi ni dakika moja!"

"Nifukuze. Mlango sirudishi ng'o."

Alifungua mdomo, na hapo Mzee Kasmiri, ambaye toka nimjue hakuwahi kumjibu bosi zaidi ya "ndiyo, mzee", akasema bila kuinua kichwa, "Bawaba ya chini nimefungua mimi." Halafu kutoka barazani ikaja sauti ya Neema, ya kutetemeka lakini ya kusikika mpaka kwa mama lishe: "Na mimi nina mimba, bosi. Sasa umejua."

Kazi ilikuwa haijafika hata nusu, na mafundi walikuwa ndio sisi watatu. Bwana Hemedi alijua hesabu hiyo kama tulivyoijua. Akatuoneshea kidole mmoja mmoja. "Nikiona vumbi kwenye modeli hata moja, wote mnaondoka. Wote!" Akaenda zake.

Basi ikawa hivyo, kiti cha Neema na vyetu wawili vyote vikawa vinategemea vumbi la Gerezani lisiingie. Nikavua kanga niliyojitanda, nikailoweka kwenye ndoo, nikaitundika pale ulipokuwa mlango. Kanga mbichi inapitisha hewa na inakamata vumbi. Bibi yangu alikuwa anaweka hivyo dirishani siku za kiangazi akianika unga. Ilikuwa imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati", na mwisho wa siku maandishi yalikuwa hayasomeki kwa tope. Tukawa tunaisuuza na kuirudisha. Makopo ya gundi ya mabomba nikampelekea fundi bomba wa jirani, yakaenda yalikoumbiwa. Nikazunguka Kariakoo duka kwa duka, nikaulizia gundi nyembamba mpaka nikachekwa, nikaipata kwa muuza vifaa vya kuchorea, chupa chache ndogo. Mzee Kasmiri akatufanya tuguse mshono kwa unywele mmoja wa brashi. Ubahili wake wote tuliokuwa tunamsengenyea siku ile ulipata kazi. Vioo vyote tukavibandika kwa gundi ya seremala, maana kwa unyevu ule wa kanga supa gluu ingevitia ukungu hata kabla hatujakaa.

Mtauliza kama vumbi halikuingia. Liliingia. Kuna meli moja ina chembe chini ya rangi, upande wa nyuma, karibu na propela. Bwana Hemedi alizikagua zote dirisha kwa dirisha, akafika kwenye hiyo, akaiona. Akaniangalia. Nikamwangalia. Bosi akaiingiza meli ndani ya boksi, akafunga boksi, akasema, "Gari linasubiri."

Neema alijifungua mtoto wa kike. Sisemi kwamba gundi ile ingemdhuru, mimi si daktari. Nasema hatukukaa kusubiri tujue. Muda wote aliokuwa nyumbani, kanga ile niliikunja nikaiweka juu ya kiti chake, na aliyetaka kukaa nilimuuliza kama amemwona mwenyewe. Aliporudi alikuta kiti na kanga. Binti yake sasa ni mtu mzima, anasuka watu nywele Magomeni, na akipita karakana anaziba pua na kulalamika harufu. Mzee Kasmiri alikuwa akimsikia analalamika anafurahi sana. Alipostaafu na kurudi Masasi, aliniachia bisibisi.

Bwana Hemedi hakuurudisha mlango. Seremala alikuja akaupigia miguu ya mbao badala ya mapipa, ukawa meza, ndiyo hiyo mnayoegemea. Kile kitundu cha pembeni mnachotumbukiza brashi zenu ni tundu la kitasa.

Sasa nije kwa Jamali. Siku moja kabla ya siku yangu ya mwisho alinifanyia sherehe, keki na soda, akasema mimi ni mama wa karakana. Nilishukuru. Halafu akatangaza kwamba tunaboresha: kiyoyozi kipya, kila kitu kitakuwa cha kisasa, na ule mlango wa mzee wake utarudi mahali pake uwe kumbukumbu ya baba. Akaongeza kuna gundi mpya ameiona, inashika haraka. Watu wakapiga makofi. Na ninyi mlipiga, niliwaona. Mimi nilikata kipande changu cha keki nikanyamaza, wakadhani bibi amechoka. Jamali si mtu mbaya. Baba yake naye hakuwa mbaya, na vichwa vilituuma vilevile.

Siku ya mwisho nilifika mapema kuliko wote, na Neema akanifuata. Hapa naongeza gundi moja ambayo Jamali hakuiomba. Mbao kwa mbao ni gundi nyeupe ya seremala. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa, futa vumbi, paka pande zote mbili, kandamiza kwa uzito, iache ilale. Tuling'oa misumari ya seremala, tukauinua ule mlango, tukapaka vichwa vya miguu na mbao zote za chini yake, tukaurudisha, tukapanga juu maboksi yote ya meli. Mlidhani tunafanya usafi, mkatusaidia kubeba. Neema ameniambia kesho yake aliusukuma kwa nyonga na haukutikisika. Jamali akiutaka mlango wa baba yake, aje na msumeno.

Najua atasoma hapa na atanuna. Atanunua mlango mwingine, Kariakoo milango haijaisha. Sawa. Siku utakapofungwa, na mwenzenu mmoja akaanza kutoka nje kila mara na kurudi anafuta mdomo, msinipigie simu. Mimi nipo Magomeni, nimepaka mafuta ya nazi mpaka viwiko. Bisibisi iko droo ya kushoto.